Shamba Lililonywewa: Sehemu ya Sita

"Manase, usinywe!"

Sauti ya mama ilitoka nyuma ya jiko, ikavuka ua wote, ikamkuta Manase mrija uko mdomoni na impeke imeshapita kooni.

Alikuwa amemeza.

Tena hakumeza kwa adabu ya mgeni. Alivuta mafunda ya mtu aliyetoka Gitega kabla ya jua, akapanda gari ya Karuzi na mke, mtoto na godoro, na tangu asubuhi tumbo lake halikuona kitu ila nusu ya ndizi mbivu. Pombe ile ya mtama ilimshukia kama mvua kwenye vumbi. Alifika kwa baba yake Butihinda, akakuta chungu katikati ya ua, wazee wamekizunguka, mrija umeelekezwa kwake. Nani asingedhani anakaribishwa nyumbani?

Wazee wakapiga makofi taratibu, kama wapigavyo watu wa kilima jambo likiisha vizuri.

Mama Dorotea alitokea mbio, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Umemeza?"

"Nimemeza, mama. Kwani vipi? Ina sumu?"

"Heri ingekuwa sumu," alisema Dorotea, akaketi chini palepale kwenye vumbi.

Manase akageuza macho. Akamwona baba yake, mzee Dominiko, ananyanyuka kwenye kigoda huku akitabasamu, na machozi yanamlengalenga. Akamwona mzee Sinzinkayo, mshingantahe wa kilima, mwamuzi wa mambo ya watu, fimbo yake kati ya magoti. Na kando yao akamwona mwanaume asiyemjua, kofia nyeupe kichwani, shati limepigwa pasi. Yeye peke yake hakunywa kwenye chungu. Alishika chupa ya Fanta, na ndani ya chupa ile wazee walikuwa wamemtilia mrija, ili naye awe amekunywa na wenzake bila kuvunja dini yake.

Fanta yenye mrija wa chungu! Hapo ndipo Manase alipoanza kushuku.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mi jina langu Waziri," alijibu yule mtu kwa upole. "Natoka mjini Muyinga, kartie Swahili. Karibu nyumbani, ndugu yangu. Kweli Mungu amekuleta. Tulikuwa tunakosa we tu."

"Mnanikosa kwa lipi?"

Mzee Sinzinkayo akagonga fimbo chini.

"Yampaye inka!" aliapa kwa Kirundi. "Mwana wa Dominiko, mbona unauliza baada ya kujibu? Nilikuuliza mbele ya watu hawa: ya baba yako unayakubali? Ukasemaje?"

"Nilisema ya baba yangu ni yangu. Nilidhani ni salamu!"

"Salamu?" Mzee akawatazama wenzake, nao wakacheka kidogo. "Sisi hapa tunasalimiana kwa mikono. Kwa mrija tunakubaliana. Hii si pombe ya kiu, mwananje. Hii ni pombe ya ardhi. Mwenye shamba akinywa, na mrithi akinywa, na mke akinywa, shamba limekwenda."

Pombe ya ardhi!

Msomaji, usimcheke Manase. Alikulia Lukole, kambi ya wakimbizi kule Ngara, upande wa Tanzania. Kambini hakuna aliyeuza shamba kwa kuwa hakuna aliyekuwa nalo. Pombe ilikuwa pombe, na kiu ilikuwa kiu. Mtoto wa turubai angejifunzia wapi desturi ya udongo?

"Shamba lipi, baba?"

Dominiko aligeukia bonde. Alinyoosha kidevu tu. Kutoka kwenye migomba hadi kule bondeni, maharage, mihogo, na ule ukanda mweusi wa karibu na maji ambao waliupigania walipotoka uhamishoni mpaka wakapewa nusu yake. Lote la chini. Nyumba na ua tu ndivyo vilivyobaki.

"Kwa nini?" Manase alimsogelea. "Baba, kwa nini?"

"Kwa ajili yako."

"Yangu mimi?"

"Si ulinipigia simu ukasema mwenye nyumba wako anataka malipo ya miezi sita mbele? Ukasema mji umepanda, kila mtu wa wizara anatafuta chumba, asiyelipa anatoka. Nikasema, mwanangu ana kazi mji mkuu, kilima kizima kinajua, halafu atupwe nje kama gunzi? Mimi niko hai na ardhi ninayo? Hapana. Mzee anakula shamba lake mara moja. Mtoto akikaa vizuri Gitega, atatula sote miaka yote."

"Atatulisha," alimsahihisha mzee Sinzinkayo.

"Ndiyo, atatulisha."

Happy, mke wa Manase, alikuwa bado amesimama mlangoni mwa ua, mtoto Letisia amelala mgongoni. Alimtazama mumewe. Macho yake yalisema neno moja: mwambie.

Manase akameza mate yaliyonuka mtama.

"Baba. Nimeacha kazi."

Akaendelea kabla hajaulizwa.

"Nimerudisha koti la kazi kule nyumba ya wageni Ijumaa. Funguo za chumba nimempa mwenye nyumba. Mshahara ulikuwa unaingia asubuhi, jioni umekwisha. Nyumba, maji, dukani, basi. Tulikuwa tunaishi siku chache za mwanzo wa mwezi, zilizobaki tunazisubiri zipite. Nikamwambia Happy, twende kwa baba. Nimekuja kulima."

Dominiko alimtazama mwanawe. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Kulima wapi?" aliuliza.

Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia.

Waziri alishusha chupa yake. Mmoja wa wazee akakohoa. Na mama Dorotea, palepale chini alipoketi, akaanza kusema peke yake.

"Mimi nilikataa. Wiki nzima nimekataa. Waliponibana nikawaambia: nitakunywa siku Manase atakapokunywa. Nilijua uko Gitega. Nilijua hata nauli inakushinda, Pasaka hukuja, Krismasi hukuja. Nikasema, umbali wake ndio ukuta wangu. Hakuna atakayeupita." Akajifuta macho, unga ukabaki shavuni. "Ukaupita wewe mwenyewe, mwanangu. Na godoro kichwani."

"Mama, sikujua!"

"Najua hukujua. Ndiyo maana nalia."

Mzee Sinzinkayo akasimama, maana neno la mshingantahe halisemwi umekaa.

"Dorotea, neno lako tulilisikia sote. Manase amekunywa. Mrija sasa ni wako."

"Ngojeni!" Manase aliruka katikati. Wazo lilikuwa limempata, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini uso wake ulikunjuka. "Ngojeni kwanza. Mama hajanywa, kwa hiyo shamba halijaenda. Baba, umepokea kiasi gani? Hapana, usiseme, mrudishie tu huyu ndugu alichokupa. Yote. Tuvunje makubaliano, mimi nishike jembe kesho. Si inawezekana, mzee?"

"Inawezekana," alikiri Sinzinkayo. "Aliyekula cha ardhi akikataa, anarudisha mbele ya chungu hichohicho, kabla jua halijazama. Akishindwa, kesi inakwenda mahakamani, na kesi haichagui: ikikosa pesa inachukua ua na nyumba."

"Basi ni rahisi! Baba, pesa ziko wapi?"

Dominiko akatazama vidole vyake.

"Nimezituma leo asubuhi. Kwa yule mwenye nyumba wako. Namba yake ninayo, si ulinipigia kwa simu yake mwaka mpya? Nikasema nimlipe mwenyewe, nikuondolee aibu. Nilitaka ushtukie tu huna wasiwasi."

Happy akaziba mdomo kwa kanga.

Lakini bado, bado kulikuwa na mlango! Mama Latifa, mwenye nyumba wake, si mwizi. Amepokea malipo ya chumba ambacho hakina mpangaji tena. Atarudisha. Kwa nini asirudishe?

"Nani ana simu? Yangu haina hata salio la kubipu."

"Chukua yangu," alisema Waziri, akaifungua na kumpa. "Piga tu, usiogope."

Manase aliijua namba ile kwa kichwa. Kila mwisho wa mwezi aliipiga kuomba siku mbili, siku tatu. Akabonyeza tarakimu moja moja. Alipofika ya mwisho, kioo cha simu ya Waziri kikawaka, na badala ya namba likatokea jina.

DADA ZAITUNI GITEGA.



"Huyu..." Alimgeuzia Waziri kioo. "Huyu ni nani wako?"

"Huyo? Dada yangu, baba moja mama moja. We unamujua namna gani?"

Kabla Manase hajajibu, simu ilipokelewa kule Gitega, na sauti ikajaa uani, maana Waziri alikuwa na mazoea ya kuiweka simu iseme kwa nguvu.

"Alors, Waziri? Wamekunywa? Shamba yangu imeshakuwa yangu?"

Sauti ile! Manase aliijua kuliko sauti ya kengele ya kanisa. Ndiyo iliyokuwa ikimgongea mlango kule mtaani Nyamugari, Gitega, katika kile chumba cha uani, kila mwezi ukigeuka: "Manase, mwezi umeandama!" Ndivyo alivyodai kodi mama Latifa. Hakuwahi kutukana. Alitangaza mwezi tu, akaondoka, na aliyekuwa ndani alijua.

"Mama Latifa," alisema. "Ni mimi. Manase."

"Manase? We iko kwa simu ya Waziri namna gani? Iko wapi?"

"Niko Butihinda. Kwa baba yangu. Shamba unalonunua ni la baba yangu."

Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, nyundo ilikuwa inagonga mabati.

"Allah," alisema Zaituni. "Vraiment, mwanangu, sikujua. Waziri aliniambia tu iko mzee mmoja anauza haraka. Sikuuliza jina. Nauliza jina ya nini? Mi naangalia udongo."

"Mama Latifa, baba alikutumia pesa leo asubuhi."

"Iliingia. Nilifurahi! Nikamuambia Latifa, unaona, Manase ni mtu wa kweli, amepita tu mulango na deni yake imemufuata nyuma kuja kulipa. Nimeshafuta yote. Charahani ya Happy yenye mliniachia rehani, iko hapa, nimeifunika na kitenge vumbi isiingie. Mukuje muchukue."

"Na kilichobaki?"

"Kibaki nini? Imetosha deni tu, donc tumemalizana bila mutu kumudai mwenzake. Fundi wa mabati alikuwa mulangoni, nikamupa palepale."

Mzee Dominiko alikuwa amesogea karibu na simu, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza iwapo chungu kinachemka.

"Deni gani?" aliuliza.

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Manase alisema, na kila neno lilimtoka kama jino. Kwamba miezi mingi alikuwa halipi kodi kamili. Kwamba malipo ya mbele aliyoyataja kwenye simu yalikuwa njia tu ya kujieleza bila kusema neno deni. Kwamba alipowaambia wazazi "tuko vizuri, msiwe na shaka," Happy alikuwa anaazima chumvi kwa jirani.

"Kwa hiyo si miezi ya mbele," alisema Dominiko polepole.

"Ni ya nyuma, baba."

"Nimeuza shamba kulipia usiku ambao mmekwisha kuulala."

Akarudi kwenye kigoda chake, akakaa.

"Manase," iliita simu. Sauti ya Zaituni ilikuwa imeshuka. "Nisikilize. Mi si mtu mbaya. Unaona hii nyumba, na mi banki inanigongea. Watoto wangu wamesoma, wanakaa tu hapa barazani. Nikasema ninunue udongo, juu udongo haifukuzi mutu kazini. Sasa kurudisha siwezi, pesa iko juu ya paa. Chumba nimeshapangisha, karani mmoja amelipa mwaka muzima. Lakini we ulime! Lima palepale, kama vile haijauzwa. Mavuno tunagawana nusu kwa nusu. Nitamupata wapi mutu mwingine mwaminifu?"

"Nilime shamba la baba yangu, nikulipe kodi?"

"Sema hivyo kama unapenda."

"Na ukija kuchukua nusu yako, utasemaje mlangoni? Mwezi umeandama?"

"Nitasema maharage yameandama," alisema Zaituni, akacheka kidogo, kisha akajisikia anacheka, akanyamaza. "Nisamehe, mwanangu. Mdomo tu."

Simu ikakatika.

Waziri alifungua mkoba wake akautoa mfuko wa kaki, akauweka chini, karibu na chungu, bila kumtazama mtu.

"Kilichobaki iko hapa, mzee. Bei kamili kama tulisikilizana. Mama akikunywa, ni yenu leo leo. Itawafikisha mpaka mavuno. Mi siwalazimishi. Lakini musiponipa shamba, munirudishie ile ya kwanza, juu na mi ninatumwa tu."

Mfuko ulikaa pale. Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya migomba. Mzee Sinzinkayo akachovya mrija mpya ndani ya chungu, akauelekeza kwa Dorotea.

"Mama wa watu, usitutese. Ukinywa, mmepoteza shamba mkabaki na ua. Ukikataa, kabla ya giza mrudishe pesa ambayo hamna, na kesi itakula ua pia. Mimi ningekuwa wewe ningechagua kupoteza kimoja."

Dorotea alisimama. Alikung'uta unga mikononi, akaja mpaka kwenye chungu, akaushika mrija. Hakuinama. Aligeuka kwa mwanawe.

"Lukole nilipanda mchicha kwenye mikebe ya mafuta ya msaada," alisema. "Wenzangu walinicheka. Nikawaambia nafanya mazoezi, siku moja nitakuwa na udongo. Wewe ulikuwa unanichotea maji, unakumbuka? Ulikuwa hujafika hata kiunoni mwangu. Sasa nakuuliza wewe, maana neno langu nililifunga kwenye mdomo wako. Ninywe?"

Manase alitazama bonde. Alitazama mfuko wa kaki. Alimtazama Happy, mabega yake yaliyobebeshwa mtoto tangu alfajiri, na miguu yake iliyovimba kwa njia. Alitafuta hesabu nyingine kichwani, ile hesabu aliyoizoea ya kusukuma siku mbele, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na siku ya kusukuma.

Alijichukia kabla hajafungua kinywa.

"Kunywa, mama."

Baba yake alifumba macho. Dorotea alimtazama Manase, wala hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama utotoni akiwa na homa, akimpima joto kwa macho tu.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Mimi bado."

Akauchomoa mrija kwenye chungu, akauvunja katikati, akaviweka vipande viwili miguuni pa mzee Sinzinkayo. Akaenda kwenye ukuta wa jiko, akachukua jembe, akaanza kushuka kuelekea bondeni.

Wazee walisimama wote kwa pamoja.

"Dorotea!" aliita Sinzinkayo, na sauti yake ilitetemeka kwa woga zaidi kuliko amri. "Dorotea, nisikie! Jembe likigusa udongo huo, umekataa mbele yetu! Sitakuwa na la kukusaidia! Jua likizama, watu wa kesi watakuja kuhesabu hata milango!"

Hakugeuka. Alifika kwenye ukanda mweusi wa karibu na maji, akafunga kanga kiunoni, akainua jembe.

"Baba, mzuie!" alilia Manase.

Lakini Dominiko alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono imeanguka, na hakuonekana kama anasikia.

Manase akamgeukia Happy. Mkewe alikuwa amekwisha kumfungua mtoto mgongoni. Alimlaza Letisia juu ya godoro, akavua viatu vyake vya Gitega, akaviweka vizuri pembeni ya mfuko wa Waziri, na bila kumtazama mumewe akauliza:

"Jembe la pili liko wapi?"